Mrejesho: miti ya asili ya kuvuta ndege, Dodoma

Wakuu, niliuliza nipande nini kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 ndege waje bila bili ya maji kupaa. Ahsanteni mliojibu.

Mwarobaini umetoka kwenye orodha: kwao ni Asia, na mjini umejaa tayari. Mgunga umekaa kona ya nyuma, mbali na ukuta na karo. Mbegu zake zina ganda gumu, kwa hiyo mimina maji ya moto yaliyoepuliwa jikoni, ziache humo hadi kesho yake, panda zilizovimba tu. Zisizovimba rudia, usizitupe.

Mkole ndio wa ndege aina ya shore: tunda dogo, wanalimeza zima. Mshubiri (aloe) ni wa chozi, ndege mdogo anayefyonza nekta ya maua. Ukiumwagilia kila siku unaoza shina, hasa kwenye udongo wa mfinyanzi.

Mashimo yawe sentimita 60 kwa 60, yachimbwe kabla ya mvua za Desemba, miche iingie ardhi ikishalowa vizuri. Matandazo (nyasi au majani makavu ya kufunika udongo) yakae sentimita 15 kutoka shinani, la sivyo mchwa wanapanda moja kwa moja. Mbuzi wa mtaani? Zungushia matawi ya miiba. Senyenge pekee wanapenyeza shingo.

Maji ya ndege: sinia lenye kina kisichozidi sentimita 5, jiwe katikati, mita 2 kutoka kichakani kwa sababu ya paka. Badilisha kila baada ya siku 2 kabla mbu hawajakomaa.

Dawa ya wadudu sipulizi kabisa. Makinda wa chozi hulishwa wadudu.