Je, wapagazi wa misafara ya Bagamoyo walikuwa watumwa?

Mwalimu wa Dunda

Wanajukwaa, salamu. Ninafundisha historia hapa Bagamoyo, na kila ninapowapeleka wanafunzi kuiona Karavanserai, kituo cha kale cha misafara, ninakuta wote wana picha ile ile vichwani: msururu wa watu waliofungwa minyororo shingoni, kila mmoja na pembe ya ndovu begani, wakiletwa pwani ili mzigo na mbebaji wauzwe pamoja. Hata hivyo, maandishi ya wasafiri wa karne ya 19 yamejaa manung'uniko kuhusu wapagazi waliodai ujira na posho, na waliotua mizigo njiani wakakataa kuendelea. Mtu aliye katika mnyororo hadai mshahara. Je, mizigo ile ilibebwa na nani hasa?

Mwana wa Unyanyembe

Mwalimu, shaka yako ni ya haki. Katika njia kuu ya Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, sehemu kubwa ya wapagazi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, na Wanyamwezi ndio waliokuwa wengi miongoni mwao. Tena njia yenyewe haikufunguliwa na matajiri wa pwani. Kufikia mwaka 1800 hivi Wanyamwezi walikuwa wakishuka na pembe zao hadi baharini, na Waarabu na Waswahili walipoanza kupanda bara kwa wingi walifuata mapito ambayo wenyeji walikwisha kuyazoea.

Upagazi ulikuwa kazi yenye desturi zake. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Ujira ulipatanwa kabla ya safari, sehemu yake ikatolewa mapema, mara nyingi kwa vitambaa vya merikani na kaniki, shanga au waya, na posho ikahesabiwa kando. Tajiri aliyewapunja watu wake aliweza kuamka asubuhi akakuta mizigo iko chini na wenyewe hawapo. Wengi waliondoka kwao baada ya mavuno, na baadhi walifuatana na wake zao waliobeba vyungu na chakula. Katika miaka ya mwisho ya karne ile walifika pwani kwa makumi ya maelfu kila mwaka, na Sewa Haji, mfanyabiashara mashuhuri wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, alijipatia mali kwa kuwatafutia wasafiri wapagazi na bidhaa.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa watu wa Livingstone, mmisionari na msafiri Mskoti. Alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambako leo ni Zambia, Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Hapakuwa na Mzungu wa kuwaamuru. Na hata Cameron, msafiri Mwingereza, alipokutana nao Tabora na kuwashauri wauzike mwili huko huko, walikataa.

Binti Pangani

Ndugu yangu wa Unyanyembe amesema kweli, lakini naomba tusiisafishe historia kupita kiasi. Miongoni mwa wapagazi waliotoka pwani, ambao walijiita waungwana, wengi walikuwa watumwa wa watu wa mjini, na sehemu ya ujira wao iliishia kwa mabwana zao. Na huku kwetu Pangani, mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja haukuwa mwisho wa jambo: watu ambao haikuwa rahisi tena kuwavusha bahari walinunuliwa walime mashamba ya miwa kandokando ya mto.

Wengi tunadhani pia kwamba Wajerumani walipokuja waliufuta utumwa. Hawakuufuta. Walipiga marufuku biashara yake, wakatoa hati za uhuru kwa baadhi ya watu, na wakaamuru kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria hadi Waingereza walipoufuta Tanganyika mwaka 1922. Hayo si mambo ya zama za kale. Wazee waliozaliwa kabla ya mwaka huo baadhi yetu tumekula nao sahani moja.

Mwalimu wa Dunda

Nawashukuru nyote wawili, na dada yangu wa Pangani umenipa tarehe ambayo nitaiandika ubaoni wiki hii. Basi upagazi wa ujira ulikomeshwa na nini?

Mwana wa Unyanyembe

Dada, nakubaliana nawe kuhusu waungwana. Mwalimu, upagazi wa masafa marefu uliuawa na reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Hata hivyo, kubeba mizigo kwa kulazimishwa kulizidi chini ya ukoloni, na vita ya 1914 hadi 1918 ilipoingia, pande zote mbili ziliwachukua wanaume vijijini, jumla yao wakawa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu wakafa kwa njaa, kuhara damu na malaria. Hili ndilo linaloniuma: mpagazi wa mwaka 1870 aliweza kutua mzigo akadai haki yake, na mwanawe mwaka 1916 hakuweza.