Ushauri: hadithi yangu ya "wasiogusika" inasomeka kama ya tajiri na maskini

Kalamu Kavu: Habari za jioni wakuu. Nina muswada wa hadithi fupi, maneno 3,000 hivi. Ni kijiji cha kaskazini mwa India, miaka ya 1930. Mfagia vyoo, mmoja wa "wasiogusika" wanaohesabiwa najisi kwa kuzaliwa, anaingia jikoni kwa Brahmini (Mhindu wa daraja la juu kabisa) tajiri, anachota maji mtungini, anafokewa na kufukuzwa. Mhariri ameurudisha, eti ni hadithi ya tajiri na maskini tu. Nirekebishe wapi?

Mzee Kitabu: Mhariri yuko sahihi. Mfagiaji hafiki jikoni, kazi yake inaishia uani kwa nyuma. Hata kisimani hashiki kamba: anakaa kando na chombo chake mpaka mtu wa jati ya juu (jati ni daraja la kuzaliwa nalo) apite, akipenda ammiminie. Asipopenda, jua linapanda. Huko kungoja ndiko kwa kuandika. Katika riwaya ya Mulk Raj Anand, *Untouchable* (1935), Sohini anangojea maji hivyo hivyo. Kaka yake, Bakha, anaponunua jalebi, sarafu zake zinamwagiwa maji kwanza ndipo muuzaji azishike, na kifurushi anarushiwa. Hela anayo, tatizo ni mkono.

Halafu huyo Brahmini mfanye fukara. Utajiri ukitoka, msomaji ataiona jati.

Bi Tunu: Na mtungi wenyewe ni wa nini? Wa udongo ukinajisika unavunjwa, maana udongo unafyonza. Cha shaba kinasuguliwa kwa majivu kikarudi kazini. Brahmini fukara mwenye mtungi mmoja tu wa udongo, hapo una tukio.

Chakula nacho kina daraja zake. Wali na chapati kavu, vilivyopikwa kwa maji, huliwa vikitoka kwa wa jati yako au aliye juu yako. Kilichokaangwa kwa samli kina uhuru zaidi, ila si kutoka kwa mfagiaji. Yeye hupewa makombo, mara nyingi kwa kurushiwa.

Kalamu Kavu: Nashukuru. Je, akiiba maji usiku?

Mzee Kitabu: Mwandishi wa Kihindi, Premchand, ameshapita njia hiyo, 1932, katika hadithi yake *Thakur ka Kuan* (Kisima cha Thakur, yaani bwana wa jati ya juu). Gangi ana mume mgonjwa na maji yanayonuka. Anakwenda gizani kwenye kisima cha Thakur, chombo kinakaribia kufika juu, mlango wa Thakur unafunguliwa. Kamba inamtoka mkononi, anakimbia. Anafika nyumbani, mumewe anakunywa yale yale machafu. Hakuna aliyempiga, hofu imetosha. Wewe tafuta mlango mwingine.

Mpitanjia: Kagua maneno pia. "Wahindi" ni watu wa India, "Wahindu" ni wa dini. Muswada mwingi huchanganya. "Tabaka" linamvuta msomaji kwenye pesa, afadhali "jati". "Harijan" (watu wa Mungu), jina la wasiogusika, lilienezwa na Gandhi miaka hiyo hiyo, lakini Ambedkar, kiongozi wao, na wenzake hawakulitaka. "Dalit" (waliokandamizwa) limeenea baadaye, usimpe mwanakijiji wa 1930 ajiite hivyo. "Bhangi" (jati ya wafagiaji) na "Chamar" (jati ya watengeneza ngozi) sasa ni matusi: yaache kwenye midomo ya wahusika, msimulizi asiyatumie. Na usilete polisi wa kumtetea. Kifungu cha 17 kinachofuta kutogusika kimeanza na katiba ya India ya 1950.

Kalamu Kavu: Basi mtungi ni wa udongo, na ni mmoja. Jikoni nafuta. Naanzia kisimani.