Tupeane uzoefu: makaratasi ya kufungulia kesi ya talaka yalikutoa jasho wapi?

Mama Wawili: Wapendwa leo nimerudi na bahasha yangu kutoka mahakamani vilevile nilivyoenda nayo, nimekaa kituoni nikaacha daladala tatu zipite. Karani kapekua, kafika kwenye cheti cha baraza la usuluhishi, kile cha kuonesha wameshindwa kutupatanisha, "mama hiki cha lini?" Nikamwambia cha Januari. Akaanza kuhesabu vidole mbele yangu, mkono ukaisha akahamia wa pili. "Kimeshakufa, hakitakiwi kuzidi miezi sita." Wiki tatu tu jamani! Nilichelewa sababu nilikuwa nachangachanga hela ya wakili. Sasa nikamwite upya barazani mume ambaye mara ya kwanza alikuja kwa wito wa tatu, na miwani ya jua. Nyie mlikwama wapi?

Kidawa: Pole shosti. Na mie hivyohivyo.

Fundi Bomba: Mimi nilibeba barua ya mwenyekiti wa mtaa nikajua nimemaliza, wakanirudisha, wanataka fomu namba 3 ya baraza inayosema usuluhishi umeshindikana. Nikaenda kata, pedi ya wino imekauka, mtendaji anaupulizia muhuri kama anapoza chai, ukatoka nusu. Nikarudishwa tena kwa ajili ya nusu muhuri!!

Mtoto wa Pwani: Ndo maana sisi waislamu hatuna shida, unaandika talaka yako kwenye daftari mchezo umeisha.

Ustadhi Mdogo: Kaka usipotoshe watu. Mahakamani huko wanataka kwanza baraza lithibitishe limeshindwa, ndo talaka yako inafuata. Bakwata wana mabaraza yao, nenda kaulize.

Mtoto wa Pwani: Babu yangu aliacha wanne bila baraza

Ustadhi Mdogo: Na wanne wote walitoka na nini? Haya.

Dada wa Kimara: Mnanikumbusha machungu. Mie hati ya ndoa niliitafuta miezi miwili. Kabatini haipo, chini ya godoro haipo, nikaenda kwa mama mkwe kwa gia ya kumsalimia nikapekua mpaka sanduku la vitenge, haipo. Siku hiyo mwenzangu kaenda msibani mkoani kaniachia gari, nikapata pancha, kijana wa pancha anatoa tairi la spea kwenye buti, chini yake mfuko wa rambo umekunjwa kama andazi. Kufungua, hati yangu! Nikapiga kigelegele palepale watu wakageuka. Kulikuwa na karatasi nyingine nikajua ni kopi. Jina la mume lilelile, sahihi ileile yenye mkia kama nge. Jina la mke sio langu. Ndoa ya bomani, miaka minne baada ya yangu ya kanisani, na shahidi wa kwanza ni shemeji anayekula kwangu kila Jumapili baada ya misa na anapenda firigisi. Kijana ananiuliza dada nifunge? Nikamwambia funga. Nilimpa elfu kumi, chenji sikumbuki.

Kidawa: Mungu wangu SHEMEJI WA FIRIGISI

Fundi Bomba: Toa kopi kumi, usimwoneshe!

Mzee wa Mbagala: Mwoneshe tena mbele ya mama yake.

Wakili wa Kijiweni: Ndoa ya kanisani ni ya mke mmoja, hiyo ya pili ni batili kwa Sheria ya Ndoa ya 1971.

Mzee wa Mbagala: Batili kwenye karatasi, watoto waliopo huko je ni batili?

Kidawa: Dada na Jumapili iliyofuata ulimpa nini shemeji??

Bwana Mdogo: Mie ndoa yangu ina miezi 14, nimeambiwa mpaka itimize miaka miwili au niombe kwanza ruhusa ya mahakama. Yaani natumikia kifungo.

Mama Wawili: Jamani na mimi je? Nyumba ina jina lake, nina risiti za saruji na mabati tu kwenye kopo la Blueband.

Wakili wa Kijiweni: Hizo risiti ni dhahabu, toa kopi kabla hazijafutika. Halafu kuna kesi ya Bi Hawa Mohamed 1983, Mahakama ya Rufani ilisema hata kupika na kulea ni mchango kwenye mali.

Mzee wa Mbagala: Malizia basi, mwenyewe rufaa alishindwa, hela aliyopewa na mumewe ajengee aliitumia ovyo.

Wakili wa Kijiweni: Lakini msingi ulibaki na wanawake wanautumia hadi leo. Unabisha nini mzee wangu?

Mzee wa Mbagala: Sibishi, namalizia.

Fundi Bomba: Aliyepoteza hati kabisa aende RITA, wale wakala wa usajili, aombe nakala. Asitafute kwenye spea.

Dada wa Kimara: Kidawa, nilimpikia makande. Akauliza kuku yuko wapi nikamwambia kaenda bomani.

Kidawa: 😂😂😂 nimekufa

Mama Wawili: Haya nimempigia mtendaji. Kasema nije Jumatatu saa mbili, na kama naweza nipitie dukani nimletee wino.