Je, lakspa inaweza kuchanua Mombasa, na ipandwe mwezi gani?

Bustani ya Tudor

Assalamu alaykum, wapenzi wa maua. Dada yangu anayeishi Uingereza ameniletea pakiti ya mbegu za lakspa, lile ua la buluu linalosimama kama mkuki, ambalo wataalamu huliita Consolida ajacis. Ningependa kulipanda katika bustani yetu ndogo hapa Tudor, lakini sijaona mtu wa mjini humu aliyelistawisha. Udongo wetu ni mchanga uliochanganyika na vipande vya matumbawe, jua hupiga pale tangu asubuhi, isipokuwa alasiri ukuta unapotia kivuli, na maji ya kisima chetu yana chumvi kidogo. Mbuzi wa jirani nao huingia kila lango linapoachwa wazi. Naomba ushauri: inafaa kujaribu, na ikiwa inafaa, nianze lini na nifanyeje ili mbegu hizi zisipotee bure?

Mzee wa Miche, Bamburi

Wa alaykumu s-salaam, ndugu yangu. Inafaa, mradi ufahamu tangu mwanzo kwamba adui wa ua hili hapa kwetu ni joto, wala si udongo. Asili yake ni nchi za Mediterania, ambako mbegu huota wakati wa mvua za baridi na mmea humaliza maisha yake kabla kiangazi hakijawa kikali. Huota vizuri udongo ukiwa na nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi. Ukiwa na joto zaidi ya hapo, nyingi hulala tu ardhini mpaka zikaoza. Mombasa, hata katika kipupwe cha Julai na Agosti, usiku hubaki kwenye nyuzi 20 hivi, na kwa sababu hiyo baridi ya kuziamsha itabidi itoke kwenye friji.

Zifunge mbegu ndani ya kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, uzitie katika kikopo chenye kifuniko, kisha ukiweke kwenye friji kwa muda wa wiki mbili, mbali na sehemu ya kugandishia. Anza mwezi wa Mei, ili ufikapo mwanzo wa Juni, masika yakiwa yamepungua na kusi ikivuma, uwe tayari kuzipanda. Zifukie kiasi cha nusu sentimita, kwa kuwa zinahitaji giza ili ziote, na baadaye upunguze miche ibaki umbali wa sentimita 25 hivi. Tafadhali usizioteshe kitaluni kwa nia ya kuzihamisha, kwa sababu mzizi wake mkuu huteremka moja kwa moja na ukiguswa mmea hudumaa. Ikiwa huna budi, tumia vikopo ulivyokunja kwa karatasi za gazeti, uvifukie pamoja na mche wake.

Udongo wa matumbawe usikutie hofu, kwani lakspa haipendi udongo wenye asidi wala unaotuamisha maji, na wako hauna sifa hizo mbili. Unachokosa ni mboji. Changanya samadi iliyooza kabisa, kwa maana samadi mbichi itakupa majani mengi na mashina laini yanayolala. Maji ya kisima yaache, ukinge ya mvua wakati wa masika. Kivuli chako cha alasiri ni neema. Kwingineko ua hili hupewa jua la kutwa, lakini hapa litashukuru kupumzishwa.

Bi Asumini wa Kizingo

Shikamoo, Mzee. Maelezo yako nayakubali, ila naona jambo moja halikuguswa, nalo ni mwanga. Lakspa huchanua upesi siku zinapokuwa ndefu, kama zilivyo Ulaya mwezi wa Juni, ilhali siku ya Mombasa ina saa 12 hivi za mwanga mwaka mzima. Kwa hiyo, ndugu wa Tudor, hata ukishinda joto, usitarajie mikuki mirefu ya picha iliyo kwenye pakiti.

Ningekushauri upande nusu ya mbegu, na nusu uipeleke kwa jamaa aliye Limuru au sehemu nyingine ya bara yenye baridi. Huko juu hata ndugu zake wa porini wapo: delfiniamu zinazojiotea zenyewe katika milima ya Kenya. Kwa hapa pwani, angelonia itakupa maua yaliyopangana kwenye shina lililosimama, tena huvumilia joto letu pasipo kubembelezwa. Ukitaka buluu ya ukutani, plambago hustawi vizuri sana.

Tabibu wa Mifugo, Likoni

Naomba mzingatie suala la mbuzi kabla ya mengine yote. Lakspa ni sumu katika kila sehemu yake, hasa mbegu na miche michanga. Ina alkaloidi zinazozuia mawasiliano kati ya neva na misuli, na mnyama aliyekula kwa wingi hulegea, huanguka, na anaweza kufa kwa kushindwa kupumua. Magharibi mwa Marekani mimea ya jamaa hii imewaua ng'ombe wengi malishoni. Zungushia uzio kabla hujapanda, mbegu zilizo kwenye friji ziandikwe waziwazi na ziwekwe mbali na chakula na watoto, na mabaki ya mimea usiyatupe njiani.

Bustani ya Tudor

Nawashukuru nyote, na uzio nitautanguliza. Mzee, miche ikishatoka, niitunzeje?

Mzee wa Miche, Bamburi

Marahaba, Bi Asumini. Kuhusu mwanga umesema kweli, na shauri la kugawa mbegu ni jema.

Ndugu yangu, mwagilia asubuhi, shinani tu, kwa maana majani yakilala na maji katika unyevu wetu huota ukungu mweupe kama unga. Ikifika kimo cha goti, ifungie kwenye fito, kwa kuwa kusi haina huruma na mashina yenye uwazi ndani. Ukijaliwa kupata maua, mwezi wa Septemba au baada yake, kata shina wakati theluthi ya chini imefunguka, na chombo chake usikiweke karibu na maembe au ndizi zinazoiva, kwani gesi ya matunda hayo hupukutisha maua haraka.