Bee's Knees: asali inagandia chini ndani ya sheka (chombo cha kutikisia vinywaji)

Wakuu, natengeneza Bee's Knees, ile kokteli (kinywaji cha pombe ya kuchanganya) ya enzi za marufuku ya pombe Marekani (1920–1933). Jini (pombe ya gin) mililita 60, maji ya limau mililita 20, asali kijiko kimoja. Nikitikisa na barafu, asali inagandia chini. Nakosea wapi?

— Asali haitiwi ikiwa nzito, mkuu. Baridi inaikaza kabla haijachanganyika. Chukua asali vipimo viwili, maji ya moto kimoja, koroga mpaka ilainike, iache ipoe. Tia mililita 20 za mchanganyiko huo. Tikisa sekunde 12 hivi, chuja.

— Nakazia: limau, si ndimu, na likamuliwe papo hapo. Inasemekana enzi hizo asali ilifunika ukali wa jini ya magendo. Ya leo haina haja hiyo. Ukitumia asali nyeusi, shuka hadi mililita 15 za mchanganyiko, la sivyo husikii jini kabisa.