Tupeane uzoefu: ulikutana na masanamu ya msanii wetu Mkenya Wangechi Mutu ughaibuni, ikawaje?

Mtaita wa Oakland
Wakuu naanza mimi. 2021, korona ndio imeanza kulegea, mke wangu akasema jamani tutoke tumeoza humu ndani, tukaunga mabasi mpaka San Francisco, kule juu kilimani kwenye makumbusho ya Legion of Honor. Jengo la 1924, nguzo nyeupe pande zote, na pale uani kakaa yule jamaa wa shaba wa Rodin, mchongaji Mfaransa, mkono kidevuni anafikiri, ndio kila mtu anaenda kupiga naye picha. Mimi macho yangu yalikwenda chini. Watu wawili wamelala sakafuni wamefunikwa mikeka, kinachoonekana ni mikono na miguu tu, kucha zimetengenezwa vizuri, viatu vya kisigino. Nikavua kofia. Wallahi sikuamua, mkono ulienda wenyewe! Mke wangu naye kapiga ishara ya msalaba halafu ndio akasoma kibao akaniambia we, hii ni shaba, ni kazi ya Wangechi wa kwetu Nairobi.

Jina lake Shavasana, lile pozi la mwisho la yoga unalala kama maiti. Pembeni yetu kulikuwa na baba na mtoto, mtoto anauliza hawa wamefanya nini, baba anamjibu wamepumzika tu. Mimi na wife tukatazamana.

Baadaye nikaja kusoma kwamba ile sehemu yote zamani ilikuwa makaburi ya mji, na walipokuwa wanakarabati jengo miaka ya tisini walifukua mabaki ya watu mamia. Kwa hiyo kuna waliolala juu na kuna waliolala chini. Fikra zangu Wangechi alijua fika anachofanya. Haya, na nyinyi?

Binti wa Shela
Mimi nilikuwepo mwezi wa kumi mwaka huohuo, karibu wanatoa, maana maonyesho yaliisha Novemba. Mimi sikuogopa maiti, niliogopa kuaibika, maana nilipiga magoti pale mbele za watu naangalia msuko. Bibi yangu alikuwa msukaji, miyaa anachambua mwenyewe, anasuka ukili mrefuuu anauzungusha kama kamba ya jahazi, halafu ndio anaunga ukili kwa ukili kwa sindano mpaka mkeka unatimia. Sasa mkeka wa kweli ukipitisha kidole lazima ukutane na mshono. Nikasema huyu dada kama hiyo shaba ameitolea kalibu kwenye mkeka wa kweli, mshono nitaupata. Nimenyoosha kidole tu hivi, mlinzi huyo, "ma'am, ma'am". Nikamwambia nakagua kazi ya nyanya yangu. Alicheka lakini kidole nilirudisha.

Na kwetu jamani mkeka juu ya mtu tunaujua. Mvuvi akitolewa baharini kabla hata wenyewe hawajafika kuna mtu ashakwenda nyumba ya jirani kuomba mkeka. Kwa hiyo Mtaita usione haya, mimi nilisoma fatiha kimoyomoyo.

Kijiko
Mbona kila kitu chetu lazima kiwe msiba? Pale pale uani si kulikuwa na Mama Ray, mwanamke nusu taa, yule samaki wa mabawa, na mwingine kaungana na mamba? Hao nyinyi hamkuwaona? Mimi nilikaa kwa Mama Ray nusu saa, kifua mbele utafikiri ndio mwenye jumba. Maonyesho yenyewe yaliitwa "Ninaongea, mnasikiliza?", maiti haongei bana.

Mtaita wa Oakland
@Kijiko umenipata hapo. Tuliwaona, ila baada ya ile mikeka nilikuwa nishachoka.

Jiwe Laini
Mie sijafika Marekani, ni mchongaji, natoka upande wa Tabaka, Kisii. Nimeziona kwa simu tu. Nitasema ukweli wangu, kwanza niliona wivu. Sisi tunakaa na msasa na karai la maji, mama yangu anasugua kiboko mmoja wa jiwe kutwa nzima mpaka vidole vinakuwa vyeupe, dalali anakuja anachukua kwa bei ya kutupa. Halafu nikakumbuka na mchongaji Mzee Elkana Ong'esa naye ni wa hapahapa na jiwe lake liko UNESCO Paris. Shaba ni kazi nyingine, unafinyanga kwanza, unatoa kalibu, kuna nta, kuna moto, si ya mtu mmoja na patasi. Jiwe ukikosea pua, basi, huyo hana pua, anageuzwa kuwa ndege.

Mwera Mjini NY
Nimecheka hapo kwa ndege 😂

Mimi yangu sio ya uani, ni mlangoni, mnisamehe. 2019 naendesha Uber, Fifth Avenue, nina abiria nyuma, napita mbele ya makumbusho ya Metropolitan, New York. Zile kuta za mbele zina vyumba vinne vya kuweka masanamu, upande huo wa mbele umekamilika 1902 na vyumba vikawa vitupu miaka yote hiyo mpaka Wangechi akaweka wanawake wake wanne wamekaa. Mmoja ana sahani inang'aa mdomoni. Nikafunga breki. Abiria anauliza vipi, nikamwambia bibi yangu yule pale.

Bibi mzaa mama alikuwa Mmakonde, Newala, alikuwa na ndonya, kile kisahani cha mdomo wa juu. Utotoni tulikuwa tunamuonea aibu wageni wakija, tunamwambia bibi kaa ndani.

Jioni nikarudi kwa miguu, nikapiga picha nikamtumia mama. Kaiweka kwenye skrini ya simu, anaonyesha majirani. Kila nikipiga anauliza, bado yupo pale mlangoni? Siku walipowateremsha nikamwambia, mama wametolewa, ila wawili makumbusho wamewanunua. Akakaa kimya, nikadhani mtandao umekata.

Akauliza, na mama je?