Fundi mzee kazi imemlegea, naomba ushauri

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nasimamia karakana ya useremala hapa Majengo, Mombasa, tuko watu sita. Fundi wetu mkubwa, ndiye aliyenifundisha kushika randa, tangu Ramadhani mambo yanamwendea kombo. Mlango wa siku mbili sasa unachukua wiki. Juzi bawaba kazipiga kinyume, mteja wa Nyali akaurudisha na tuktuk. Vijana nao wameanza kutega, wanasema mbona mzee haulizwi.

Nimekaa naye faragha mara mbili: "Inshallah mwanangu," basi. Nikaandika kazi za kila mtu ubaoni, akaona namdhalilisha, hata chai hanywi nasi tena. Hapo pengine nilikosea. Nashuku ni macho, ila hasemi.

Tajiri ataka aondoke mwisho wa mwezi. Nimemwambia Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, yataka aelezwe sababu na asikilizwe kwanza, akiwa na mwenzake aliyemchagua.

Aliyewahi kumwambia mtu mzima kazi yake imeshuka bila kumvunjia heshima, alianzaje? Na nikitaka abaki afundishe vijana kwa mshahara uleule, nimshawishi tajiri kwa hoja gani?